Canon EOS R7: je, sensa ndogo inamsogeza ndege kweli?

Wengi wanaonunua kamera ya R7 huwa wamevutiwa na namba moja: 1.6, yaani mara ambazo sensa yake ni nyembamba kuliko ya fremu kamili. Funga lenzi ya milimita 400, wanaambiwa, upate 640. Hupati. Lenzi inabaki ya 400, na ndege anaangukia kwenye sensa akiwa na ukubwa uleule. Kinachobadilika ni kwamba sensa hii, milimita 22.3 kwa 14.8, inanasa sehemu ya katikati tu ya kile ambacho sensa ya fremu kamili, 36 kwa 24, ingekinasa. Ni mkasi, si darubini.

Faida yake imo kwenye msongamano wa pikseli. Canon wamebana megapikseli 32.5 humo, kila pikseli ikiwa na upana wa mikroni 3.2 hivi. Kata picha ya EOS R5 (kamera ya fremu kamili, megapikseli 45) hadi eneo hilohilo, unabaki na 17. Ya R6 Mark II, nayo ya fremu kamili yenye 24.2, haifikishi hata 10. Kwa hiyo chiriku wa mbali anapata pikseli nyingi zaidi kwenye manyoya. Ila usidanganyike: dhidi ya R5, ongezeko kwa upana ni kama mara 1.4 tu.

Na chengachenga, yaani vidoa vinavyojitokeza kwenye picha mwanga ukiwa hafifu? Hapa ndipo watu hubishana bure. Ukiweza kusogea, au kutumia lenzi ndefu zaidi ili ndege ajaze fremu, sensa kubwa inashinda waziwazi: eneo lake ni mara 2.6, hivyo kwa chengachenga, ISO (kiwango cha kukuza mwanga ulionaswa) 1600 ya R7 hufanana na 4000 ya fremu kamili. Usipoweza kusogea, ukakata picha zote mbili zibaki na ndege yuleyule, tofauti karibu yote inayeyuka. Mwanga wa ndege wako unaofika kwenye sensa unaamuliwa na tundu la lenzi.

Ndiyo maana lenzi ya RF 100-400, nyepesi na nzuri kubeba, inabanwa hapa. Mwisho wake, kwenye 400, ni f/8: 400 gawa kwa 8, yaani tundu la milimita 50. Kwa f/8 nukta ya mwanga hutanuka hadi mikroni 10 na ushee, zaidi ya pikseli tatu za R7, kwa hiyo sehemu ya ukali uliolipia inapotea. RF 100-500 kwenye 500 ina f/7.1, tundu la milimita 70, na inaistahili zaidi sensa hii. Usifunge tundu hadi f/11 bila sababu.

Udhaifu mkubwa ni shata ya kielektroniki. Picha 30 kwa sekunde zinavutia, lakini sensa husomwa mstari kwa mstari, polepole: mabawa yanajipinda, na ukimfuata ndege kwa kamera miti nyuma yake inalala upande. Tumia shata ya kawaida, picha 15 kwa sekunde, japo inapiga kelele. Chagua C-RAW (faili ghafi zilizobanwa) na kadi za kasi za UHS-II, la sivyo bafa, kumbukumbu ya muda ya kamera, inajaa ndani ya sekunde chache.

Pikseli ndogo hufichua kila mtikisiko. Kwa milimita 400 anza na kasi ya shata ya 1/800 ya sekunde ndege akitulia, 1/2500 akiruka. Picha za mbali zikitoka laini adhuhuri huku za karibu zikiwa kali, usilaumu fokasi: ni hewa ya moto inayocheza juu ya ardhi. Rudi alfajiri.