Steshenari iliyokata andiko langu kutoka kurasa 14 hadi 2

Ni duka dogo mjini Morogoro, hatua chache kutoka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Jina silitaji kwa sababu nina lalamiko huko chini na sitaki kumharibia mtu riziki. Walimu wenzangu watalijua tu: lina friji ya soda mlangoni, na mashine ya kopi inalia kama cherehani.

Mimi ni mlezi wa klabu ya Malihai, yaani klabu ya wanafunzi ya uhifadhi, shuleni kwetu. Klabu hizi zipo nchini tangu 1980, na yetu mwaka huu ilichagua mradi wa wanyama wanaogongwa na magari Mikumi. Hifadhi ile ilianzishwa 1964, na barabara kuu ya Iringa, Mbeya mpaka Zambia inaikata katikati kwa takriban kilomita 50. Ukipita na basi unaona mabango ya faini, kila mnyama na bei yake, na nyani wamejipanga pembeni wakingoja abiria warushe maganda. Vijana wangu 26 walitaka wakaone wenyewe, kisha watengeneze stika na vipeperushi vya madereva. Shida pesa.

Nilikwenda pale kutoa nakala za andiko la kuomba ufadhili. Kurasa 14: usuli, dira, dhima, malengo mahususi. Nililipenda kweli. Nilishalipeleka benki mbili na kampuni moja ya simu, na nilichorudi nacho ni mhuri wa "imepokelewa" tu. Dada wa kompyuta akachomeka flashi, akashusha kurasa polepole, akasema, "Mwalimu, samahani. Hapa mnataka shilingi ngapi?"

Ilikuwa ukurasa wa 12.

"Na huyu wa benki, swala akigongwa Mikumi yeye anapungukiwa nini? Si umwandikie mwenye malori?"

Nimefundisha miaka 17 na sikuwa nimewaza hivyo. Tukakaa pale karibu saa nzima, huku wateja wa kopi wakininunia. Tukabakisha kurasa mbili. Ya kwanza ilieleza sisi ni nani na tunakwenda kufanya nini, na picha moja ya vijana wakiwa na daftari zao. Ya pili ilikuwa mchanganuo mtupu: kukodi Coaster, dizeli, viingilio, chakula, fulana, uchapaji, kila kitu na mstari wake na bei yake. Wazo la mistari lilikuwa la huyo dada. Alisema mtu ukimwambia milioni moja na nusu anaingia ndani, ila ukimwonyesha mstari wa mikate anaona hata yeye ana nafasi.

Ikawa hivyo. Mwenye malori alinipokea gereji, mikono ina grisi, akasoma amesimama. Akanisimulia jinsi dereva wake alivyomgonga nyati usiku: lori likalala siku nne, radieta ikafa, na faini juu. Akachukua mistari miwili, Coaster na dizeli, kwa sharti kwamba stika za kwanza zibandikwe kwenye magari yake. Mama mwenye tanuri la mikate akachukua chakula. Muuza matairi wa jirani, nadhani kwa kuona mwenzake ametoa, akalipia fulana. Viingilio tulichangishana na wazazi.

Kitu kingine ambacho nawapa alama zote: wanatoa profoma (karatasi ya bei kabla ya kulipa) palepale na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kununa. Usidharau hilo. Muuza matairi hakutaka kunipa pesa mkononi, alitaka profoma yenye jina la shule, akalipa mwenyewe dukani kwa lipa namba. Kwa upande wangu ilinipa amani, maana mwalimu ukishika pesa ya fulana tu, ofisini maneno hayakosi. Bei zao ni za kawaida, fulana ilikuwa 13,000 pamoja na nembo. Ushauri haukulipiwa hata senti.

Sasa lalamiko. Bango la safari liliahidiwa Jumatano. Jumatano umeme ulikatika, haya, nikaelewa. Alhamisi fundi hakuwepo. Ijumaa saa moja usiku, safari kesho alfajiri, naenda kulichukua, nakunjua, nasoma kwa herufi kubwa za kijani: ELIMU YA UHIFADHI WA WANYAMAPOLE. Na chini yake nembo za wafadhili wangu zimefifia hadi tairi linafanana na andazi. Walichapa upya bure, lakini nilitoka pale saa tano usiku, na kosa lenyewe lisingetokea kama wangenitumia picha ya bango niikague kabla ya kuchapa. Niliomba hivyo mara mbili. (Vijana wamelichukua lile la kwanza, wamelitundika darasani, na hawakubali litolewe.)

Kwa barua, ushauri na risiti nitarudi bila kufikiria mara mbili. Kwa mabango, peleka wiki mbili kabla na usiondoke hadi uone maandishi kwenye kioo cha kompyuta. Yule dada yupo asubuhi tu, mchana anakwenda chuo, kwa hiyo fika kabla ya saa nne na mchanganuo wako ukiwa na bei za kweli, kwa sababu hilo ndilo atakalokuuliza kwanza.