Windows 11 Home au Pro? Yaliyonikuta na kompyuta mpya ya nyumbani

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Tanga, na hesabu zangu zote ziko kwenye kompyuta: vipimo vya watoto, madeni ya wazazi, oda za Januari. Kompyuta ya zamani tulikaa nayo miaka mingi. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kuitolea Windows 10 masasisho ya usalama, mdogo wangu wa Dar anayefanya kazi za kompyuta alinipigia. "Dada, hiyo yako haipandi kwenda 11. Prosesa ni Intel ya kizazi cha sita, 11 inataka kuanzia cha nane, na pawe na kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Tafuta mpya." Ilikuwepo njia ya kujiandikisha upate masasisho ya mwaka mmoja zaidi, lakini mashine yenyewe ilishachoka, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikaona nisiahirishe.

Nikaenda Kariakoo. Nilinunua ya mezani, mpya, RAM GB 8, SSD GB 512, pamoja na kioo cha inchi 22, shilingi 1,450,000 na risiti ya EFD juu. Kwenye boksi pameandikwa Windows 11 Home. Kijana wa dukani akanitazama kwa huruma. "Mama, hii Home ni ya kuanzia tu, mambo mengi wameyafunga. Ngoja nikupigie window Pro, bure, zawadi ya mteja." Nani atakataa zawadi? Home nilikuwa nimeisikia kama toleo dogo na Pro toleo kubwa, na mtu akitoa pesa nyingi anataka kikubwa. Nilikaa kwenye stuli saa moja na nusu, akapiga window, yaani akaisakinisha Windows upya, akaifunga mashine, nikapanda basi. Kitu kimoja sikukitilia maanani: wakati wa kuanzisha, mashine ilipotaka baruapepe, aliweka yake, "ili tusipoteze muda".

Naandika haya kwa sababu kosa langu wanalifanya wengi, na dawa yake haina gharama.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya kufungua shule. Nyie mnaoshona mnaijua wiki hiyo. Nilikuwa na watoto 64 ambao vipimo vyao viko humo ndani na kitambaa kiko mezani. Usiku wake kompyuta ilikuwa imepakua sasisho la baiosi, ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla Windows haijaamka. Asubuhi mwanangu wa kidato cha nne akaiwasha. Kioo cheusi, maandishi meupe ya Kiingereza, yanasema kichipu cha usalama kimebadilika, bonyeza Y kukifuta kianze upya au N kuacha kama kilivyo. Chini yake onyo: kama diski imefungwa kwa usimbaji, yaani yaliyomo yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, haitafunguka bila ufunguo wa kuokolea. Mtoto alisoma mstari wa kwanza, akabonyeza Y.

Kikaja kioo cha bluu kinachotaka tarakimu 48.

Tarakimu 48! Mimi ufunguo sijapewa na mtu, wala sikujua kuna kitu kimefungwa. Nikampigia mdogo wangu, akaniuliza swali moja tu: "Mlipoianzisha iliwekwa baruapepe ya nani?" Nikanyamaza. Akanieleza taratibu. Windows 11 za sasa, ukiianzisha mashine mpya kwa akaunti ya Microsoft, diski hujifunga yenyewe kwa usimbaji huo bila kukuuliza, na ufunguo wa akiba hupelekwa kwenye akaunti ile iliyotumika. Home inafanya hivyo, Pro inafanya hivyo. Ni jambo jema, mwizi akibeba kompyuta hapati kitu. Lakini ufunguo wa nyumba yangu ulikuwa kwa kijana wa Kariakoo.

Simu yake haikupatikana siku mbili. Siku mbili nzima wazazi wanakuja mlangoni na mimi nawapima watoto upya mmoja mmoja, wengine wako darasani tayari na nguo za nyumbani. Siku ya tatu akapokea. Sina ugomvi naye kwa moyo, alisaidia kwa haraka, ila aliyoniambia yalinitisha: kwenye akaunti yake kulikuwa na kompyuta za wateja wengi, zote zinaitwa DESKTOP na herufi zisizo na maana. Ilibidi nimsomee herufi nane za mwanzo za utambulisho ulioandikwa kwenye kioo changu, ndipo akaupata ufunguo ulio wangu. Akanisomea tarakimu sita sita, mafungu manane. Kalamu haikuwa karibu, nikaziandika kwa chaki ya cherehani kwenye karatasi ya khaki ninayokatia patani. Fungu la tano nilikosea 6 nikaweka 0, mashine ikakataa, tukarudia. Ilipofunguka nilikaa chini nikalia.

Jumamosi mdogo wangu akaja mwenyewe na diski ya nje. Kwanza akahamisha mafaili yote. Kisha akanionyesha mambo mawili ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya akiwa bado dukani. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, kinafunguka kisanduku kidogo, andika winver, utaona toleo. Rudia tena, sasa andika slmgr /xpr. Leseni ya halali ya nyumbani itakuambia mashine imeamilishwa kwa kudumu. Yangu ilitaja tarehe ya kuisha. Hiyo ni dalili ya leseni ya makampuni, inayoishi siku 180 kisha inahuishwa kutoka kwenye seva ya kampuni. Mimi sina kampuni wala seva. Ilikuwa kraki, programu ya kughushi leseni, inayojihuisha kichinichini, na ili isikamatwe, kijana wa dukani alikuwa ameiamuru Defender, yaani kinga ya virusi ya Windows, isichungulie folda moja. Madeni ya wazazi na picha za wanangu vyote vilikuwa kwenye mashine yenye mlango wa nyuma ulioachwa wazi kwa makusudi.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Leseni halali ya Home nilishailipia. Kompyuta mpya nyingi huja na ufunguo wa Windows umechomewa ndani ya bodi. Mdogo wangu alipakua Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft, ni bure kupakua, zaidi ya GB 5, akaiweka kwenye flashi ya GB 8. Tulipoanza kusakinisha haikuuliza toleo wala ufunguo. Iliisoma bodi, ikajua yenyewe kuwa ni Home, ikajiamilisha ilipopata intaneti. Kwa hiyo "zawadi" niliyopewa Kariakoo ilikuwa kubandua kitu halali changu na kubandika cha wizi juu yake.

Baada ya hapo ndipo tulipokaa kubishana kuhusu toleo, maana mdogo wangu mwenyewe alikuwa upande wa Pro. Kupanda kutoka Home kwenda Pro ni dola 99 kwenye duka la Microsoft la Marekani, kama laki mbili na nusu za kwetu. Laki mbili na nusu kwangu ni marobota ya kitambaa. Nikamwambia anitajie kimoja kimoja nitakachokipata.

Hoja yake kubwa ilikuwa kuniingilia akiwa Dar, ile Remote Desktop. Ni kweli, Home inaweza kuingia kwenye mashine ya mwenzake lakini yenyewe haikubali kuingiwa kwa njia hiyo, Pro inakubali. Tukajaribu kufikiri itakavyokuwa. Mimi natumia ruta ya laini ya simu, na laini za namna hii kwa kawaida hazikupi anwani yako peke yako ya intaneti, hivyo angenitafuta asinipate bila kuweka njia nyingine ya kupitia. Na kuuacha mlango huo wazi kwa intaneti nzima ni hatari, yeye mwenyewe alikiri. Wakati huohuo kwenye Home kuna Quick Assist: ananipa msimbo, nauandika, anakiona kioo changu, nikimruhusu anashika mausi. Ameshanitengenezea printa mara mbili kwa njia hiyo. Tofauti ni kwamba lazima mimi niwe nimekaa hapo, na mimi hilo nalitaka.

Hoja ya pili, usimbaji wa diski. Pro ina BitLocker kamili, unachagua diski gani ifungwe na unaweza kufunga hata flashi. Home ina usimbaji wa kifaa, umewashwa au umezimwa, basi. Flashi iliyofungwa na Pro, Home inaifungua, lakini haiwezi kuifunga yenyewe. Ningekuwa muuguzi nabeba taarifa za wagonjwa kwenye flashi, hapa ningelipa. Mimi flashi yangu ina michoro ya kola.

Mengine aliyataja nikamkata njiani. Kuunganishwa na mtandao wa ofisi, Hyper-V ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, kihariri cha sera cha kupangia masharti ya mashine, chumba cha kujaribia programu ngeni. Home haikubali RAM zaidi ya GB 128, nami nina 8.

Kwenye masasisho nilidhani Pro ingeniokolea bando, kumbe kusitisha ni wiki tano huku na huku. Pro inaongeza uwezo wa kuyachelewesha kwa sera, ila bando langu liliokolewa na kitu ambacho matoleo yote yanacho: kwenye Mipangilio, sehemu ya Wi-Fi, ndani ya sifa za mtandao wako, unaiambia Windows kwamba intaneti hii inapimwa (kwa Kiingereza, metered). Hapo inaacha kupakua vitu vikubwa ovyo. Mwisho wa mwezi naizima alama hiyo Jumapili usiku nikiwa na bando la usiku, inameza yake, naiwasha tena. Fanyeni hivyo siku ya kwanza kabisa.

Kwa watoto Home imenitosha kuliko nilivyotarajia. Kila mmoja ana akaunti yake isiyo ya msimamizi, hivyo yule wa kubonyeza Y hawezi tena kusakinisha kitu bila neno langu la siri. Binti wa kidato cha kwanza nimemwekea saa za kutumia, na anapotaka kuongezewa ombi linanijia kwenye simu. Excel haiji pamoja na Windows, msidanganyike. Mimi natumia LibreOffice, ya bure, na majedwali yangu ya vipimo yalifunguka bila shida.

Sasa lawama zangu kwa Home, maana sikuja kuisifia tu. Siku ya kuianzisha inakulazimisha uwe na intaneti na akaunti ya Microsoft, hupewi njia ya wazi ya kukwepa. Pro bado inakuachia kupenya, ukisema mashine ni ya kazini na itaunganishwa na mtandao wa ofisi, unapata akaunti ya humohumo ndani. Mtu wa kijijini asiye na baruapepe anaishia kuweka ya fundi, na yaliyonipata yanampata. Pili, matangazo: menyu inakupendekezea programu hujaziomba, na ilinichukua jioni nzima kuyazima moja moja. Kwa hayo naipa nyota nne kati ya tano.

Kuna mkanganyiko mwingine wa majina. Mkiona Home Single Language, ni Home ileile ila lugha ya kioo haibadiliki, ukikuta ya Kifaransa umekwama na Kifaransa. Na laptopu ndogo za bei nafuu mara nyingine huja na S mode, inayokubali programu za duka la Microsoft peke yake. Kuitoa ni bure, unabonyeza mara moja, lakini huwezi kurudi. Usimlipe fundi kwa kazi hiyo.

Pro ningeinunua ningekuwa na duka lenye kompyuta tatu na mtu mmoja wa kuzisimamia. Mdogo wangu kazini kwao wanaihitaji kweli. Hapa nyumbani pesa ile nimenunulia UPS, betri ya akiba, umeme ukikatika napata dakika za kuhifadhi kazi na kuzima salama.

Ufunguo wangu wa tarakimu 48 sasa uko kwenye akaunti yangu mwenyewe, na nimeuchapa nikauweka kwenye bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Jirani yangu mwenye duka la dawa anakwenda Dar keshokutwa kununua ya kwake. Nimemfungulia baruapepe jana jioni, tumeijaribu kwenye simu yake mpaka ameikariri, na nimempa kikaratasi cha kuweka kwenye pochi: winver, slmgr /xpr, na chini yake, "usikubali kupigiwa window".