TAHADHARI: "Mwalimu" wa QT na kurisiti hapa Dodoma, msimpe hata mia

Jamani wa Dodoma, hasa mlioko Chang'ombe, Nkuhungu, Ipagala, na ninyi mnaokuja mjini kutoka Bahi na Chamwino. Kuna baba mmoja anajiita Mwalimu. Alikuwa na chumba cha ofisi upande wa Majengo, anasema anasimamia watu wazima kusoma majumbani, wafanye QT (mtihani wa kufuzu kabla ya ule wa kidato cha nne) au warudie mtihani, yaani kurisiti, mpaka wapate cheti cha kidato cha nne. Jina silitaji maana admini watafuta posti, ila waliopita mikononi mwake watamjua kabla sijafika mwisho. Ni tapeli. Wala msiniambie nipunguze ukali wa maneno.

Mimi niliishia kidato cha kwanza, ndiyo maana nilikuwa natafuta cheti. Kwa nini niliishia hapo ni hadithi nyingine, siielezi hapa.

Sasa sikilizeni alivyonifanya. Ilikuwa Jumamosi, Februari inaishia. Nimetoka gengeni hata aproni sijavua, nafika nakuta ameshatundika shuka jeupe ukutani. Akaniambia, "Mama, Baraza la Mitihani wakifunga dirisha la usajili mwezi huu wanaanza faini, na mimi siwezi kukuombea kwa mtu." Akanivulisha hereni. Akanivulisha kilemba. Nisimame wima, kidevu juu, nisicheke. Akapiga picha, hakuridhika, akapiga tena. Kisha akakaa kwenye kompyuta yake, akaniuliza shule ya msingi niliyomaliza, mwaka, tarehe ya kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa akakishika juu kwenye mwanga kama karani wa benki anayekagua noti. Akaandika jina langu herufi kwa herufi, na alipofika kwa la babu akaniuliza lina "l" moja au mbili, maana likikosewa kwenye cheti kulirekebisha ni kazi. Niambieni, nani atamtilia shaka mtu anayejali herufi ya jina la babu yako?

Akanigeuzia kioo. Nikaona nembo, nikaona namba ndefu. "Hii ndiyo kontroo namba yako ya kulipia serikalini." Nikatoa simu nilipe hapohapo, sikusubiri kuambiwa. Akatazama saa, akatikisa kichwa: mfumo unasumbua tangu asubuhi, hela itaning'inia huko na muda utaisha. Nimtumie yeye, usiku mtandao ukitulia atanilipia. Elfu themanini na tano. Nikatuma, tena nikaweka na ya kutolea, kwa adabu zangu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. "Huyo mama watoto, laini yangu imefika kikomo cha siku." Akaniandikia risiti, akagonga muhuri wa zambarau, halafu akaupuliza wino ukauke usinichafue. Aliupuliza! Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mpaka leo.

Na kabla hamjaanza "ulikuwaje mjinga", mjue huyu mtu alikuwa anafundisha kweli. Wengi wetu tulikuwa tunakaa naye kila wikiendi. Unapewa vitabu vya moduli unasoma nyumbani, Jumamosi unaleta kazi, anasahihisha kwa kalamu nyekundu na maelezo pembeni. Bailojia nimeielewa kwake, siwezi kudanganya. Kuna dada alichelewa akamrudisha nyumbani mbele yetu. Siku moja nilikuwa na hela pungufu, akaikataa, akasema kauze kwanza, watoto wale. Mama yangu alipokuja kumwona, Mwalimu alimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na kumkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Na binti wa mtaani kwetu cheti anacho, mimi nimekishika kwa mkono wangu. Nimekuja kujua baadaye kwamba kwa Mwalimu alikuwa ananunua notisi tu, usajili alifanya kituo kingine kabisa.

Novemba nimeamka usiku, nimepiga pasi, nimefika kituo alichonielekeza. Msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha juu mpaka chini, akarudia. "Mama, wewe hujasajiliwa." Nikampa namba yangu ya mtihani. Namba ina mwenyewe, kijana wa watu, ameshakaa na kalamu zake mezani. Watu wananitazama. Simu ya Mwalimu haipatikani. Kwenda ofisini, wanapaka rangi, inafunguliwa saluni.

Hela yangu ni hela, nitauza nyanya itarudi. Lakini kuna binti wa Bahi alikuwa anakaa nyuma yangu darasani, aliacha shule kwa ujauzito, mama yake aliuza mbuzi ili huyu baba alipwe. Binti kama yule tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni kwenye mfumo wa kawaida, kuna waraka kabisa, Waraka Namba 2 wa mwaka ule. Na kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, iliyowekwa kwa sheria tangu 1975 kwa ajili ya watu kama sisi. Yeye hayo yote anayajua, ni msomi. Akanyamaza, akala mbuzi wa watu.

Mtu huyu hafai kuonywa. Kurudisha hela tu na kusamehewa, hapana, mimi sikubali. Apelekwe gereza la Isanga, akasimamie masomo ya wafungwa wenzake, na kila Jumamosi asahihishe kwa kalamu nyekundu. Na huyo mama watoto mwenye laini naye aitwe aeleze hela zilipitia wapi.

Mlioniuliza inbox dalili zilikuwa zipi: hela kwenda simu ya mtu badala ya kontroo namba, hiyo ndiyo kubwa. Kontroo namba halisi ukiiingiza unalipa serikalini, haina mke wa mtu. Ada nayo, nimeambiwa sasa kwamba QT ni 30,000 ukijisajili Januari na Februari, ukichelewa mpaka Machi ni 40,000. Mtihani wa kidato cha nne wa kujitegemea ni 50,000, ukichelewa inakuwa 65,000 pamoja na faini. Themanini na tano aliitoa wapi? Halafu kuna wenzetu aliwaahidi QT na kidato cha nne mwaka mmoja. Haiwezekani, QT ufaulu kwanza ndipo uende kwenye huo mwingine, na yote miwili inafanyika Novemba. Nyingine nikikumbuka nitaandika kwenye komenti, sasa hivi mikono inatetemeka.

RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo. Polisi wanasema mlalamikaji mmoja jalada linakuwa jepesi, kwa hiyo uliyelipa, hata kama ulitoa elfu kumi ya fomu, usifute meseji ya muamala na ile risiti ya zambarau usiichane. Njoo inbox twende pamoja Jumatatu asubuhi. Na wewe uliyenipigia jana kwa namba ngeni ukiniambia niifute hii posti "tuyamalize kifamilia": namba yako nayo nimeshawapa.