Kingamwili ya TRPML1: ipi inunuliwe kwanza na maabara ya Dodoma

Mtafiti wa Dodoma anayetaka kupima TRPML1, yaani mfereji wa ioni unaotoa kalsiamu ndani ya lisosomu (kifuko cha seli kinachomeng'enya taka) na kuipeleka kwenye saitoplazimu, atakuta katalogi zimejaa kingamwili, yaani protini zinazonasa protini nyingine mahususi, zinazodai kuitambua. Bei ya chupa moja ya mikrolita 100 mara nyingi hupita dola 300 za Marekani kabla ya gharama za usafirishaji, kiasi ambacho kwa mwanafunzi wa uzamili kinaweza kuwa sehemu kubwa ya fungu lake la vitendanishi.

Kabla ya kulinganisha bei, ifahamike vizuri protini yenyewe. Jeni ya MCOLN1, ambayo hitilafu zake husababisha ugonjwa wa mukolipidosisi aina ya 4, huzalisha protini ya asidi amino 580, yenye uzito wa takriban kilodaltoni 65, inayopenya utando wa lisosomu mara sita. Protini hiyo hubeba minyororo ya sukari, na hukatwa katika kitanzi chake kikubwa kilicho upande wa ndani wa lisosomu, hivyo bloti, yaani kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito kwenye jeli kisha kuzionyesha kwa kingamwili, inaweza kuonyesha mstari karibu na 65 na mwingine karibu na 40, kutegemea kama kingamwili inashika ncha ya mwanzo au ya mwisho ya protini. Mistari miwili, kwa hiyo, si lazima iwe dalili ya ubovu, na mstari mmoja safi penye 65 hauthibitishi chochote peke yake.

Nafasi ya kwanza naipa kingamwili monokloni (ya aina moja tu, inayoshika sehemu moja ya protini) ya sungura iliyotengenezwa kirikombinanti, yaani kwa kutumia jeni yake iliyopandikizwa kwenye seli za maabara, mradi muuzaji aonyeshe picha ya bloti yenye seli zilizoondolewa jeni ya MCOLN1. Picha hiyo itazamwe kwa makini: katika safu ya seli zisizo na jeni, mstari unaodaiwa kuwa TRPML1 uwe umetoweka kabisa, huku aktini, protini ya kulinganishia iliyopo katika kila seli, ikibaki sawa katika safu zote mbili. Mradi wa YCharOS, uliochapisha mwaka 2023 matokeo ya kupima kingamwili 614 dhidi ya protini 65 kwa njia hiyohiyo, ulikuta kwamba zile za kirikombinanti hufanya vizuri kuliko nyingine. Isitoshe, mfuatano wake unajulikana, kwa hiyo chupa itakayoagizwa mwakani itafanana na ya leo. Asili ya sungura nayo ina faida, kwa sababu kingamwili maarufu ya LAMP1 (protini inayotambulisha lisosomu), kloni H4A3, ni ya panya, na mtafiti anaweza kuzitumia zote mbili kwenye slaidi moja ili kuona kama mfereji upo kweli kwenye lisosomu.

Wapo wauzaji wanaoonyesha tu seli zilizolazimishwa kuzalisha protini kwa wingi kupita kiasi. Ushahidi huo siupi uzito wowote, kwani protini ikirundikana namna hiyo hata kingamwili dhaifu itang'ara.

Nafasi ya pili, ingawa wengi watapinga, naipa kingamwili ya lebo kama HA au FLAG (vipande vifupi vinavyounganishwa na protini ili itambulike), inayotumika pamoja na plazimidi, yaani duara la DNA linaloingizwa kwenye seli, ya TRPML1 yenye lebo hiyo. Chupa moja huhudumia miradi mingi, na swali la iwapo protini yenye mabadiliko inafika kwenye lisosomu hujibika vizuri, ilimradi kiwango cha uzalishaji kidhibitiwe. Kwa sampuli za wagonjwa au tishu za wanyama haifai kabisa.

Ya tatu ni monokloni ya panya itokanayo na haibridoma (seli ya kinga iliyounganishwa na seli ya saratani), yenye usumbufu wake kwenye tishu za panya, kwa kuwa kitendanishi kinachoionyesha hushika pia kingamwili za panya mwenyewe. Ya mwisho ni polikloni, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi kutoka kwa mnyama, ambao hubadilika kila toleo. Peptidi ya kuzuia (kipande cha protini kinachoziba kingamwili) inayouzwa pamoja nayo haitoshi kuwa uthibitisho, maana huzuia pia mishiko isiyo sahihi.

Hesabu ya gharama ifanywe kwa bloti, si kwa chupa. Kingamwili inayozimuliwa kwa 1:1000 katika mililita 5 hula mikrolita 5, hivyo chupa ya mikrolita 100 inatoa bloti 20; ile ya 1:200 inatoa bloti 4 tu, hata kama bei yake ni nusu.

Pakiwapo mbili zinazolingana kwa ushahidi, ichukuliwe iliyokaushwa kuwa unga, kwa kuwa mzigo ukishatua Dar es Salaam na kusubiri forodha bado una takriban kilomita 450 za kufika Dodoma, na barafu ya jeli huwa imeshayeyuka. Ya kimiminika iwe na gliserini asilimia 50, ambayo haigandi kwenye nyuzi -20, maana umeme ukikatika na kurudi mara kwa mara, kuganda na kuyeyuka ndiko huiharibu.

Agiza kwanza chupa ndogo ya mikrolita 20, kama ipo, kisha uijaribu kwenye seli zisizo na jeni. Sampuli isichemshwe kwa nyuzi 95, kwa sababu protini za utando hushikamana na kubaki juu ya jeli. Nyuzi 37 kwa nusu saa zinafaa zaidi. Ikishindwa hapo, mwandikie muuzaji ukiambatanisha picha na namba ya toleo, kwani wengi hurejesha fedha au kubadilisha chupa iwapo aina ya jaribio na spishi ulizotumia zimetajwa kwenye karatasi yao ya bidhaa.