Sabuni ya mawimbi nyumbani: manukato na mafuta ya kununua, kwa daraja

Wengi wanaoanza kutengeneza sabuni ya mawimbi, yaani yenye michirizi ya rangi inayopindapinda, hukimbilia rangi. Ushauri wangu ni kwamba, ukishapata mizani, pesa ya kwanza ya kufikiriwa vizuri ni ya manukato, maana ndiyo yanayoamua utapata muda gani wa kuchora. Sabuni hii haipikwi. Unamimina maji ya kostiki (kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) kwenye mafuta, unapiga kidogo kwa blenda ya mkono, na mchanganyiko unaanza kuwa mzito kama uji. Ukiinua mwiko na matone yakaacha mchirizi juu, kazi ya mawimbi imeanza. Kuna manukato yanayokuachia robo saa na zaidi kutoka hapo. Mengine hukaza mchanganyiko kabla hujamaliza kugawa rangi kwenye majagi.

Daraja hizi nimezipanga kwa mtu wa Lamu au Malindi anayetaka sabuni yenye harufu inayokaa na mawimbi yanayoonekana, bila kuagiza kila kitu kutoka Nairobi.

Manukato

*Nafasi ya kwanza: mchaichai na pachuli.* Nazungumzia mafuta ya manukato yaliyotolewa kwenye mmea wenyewe, yale yanayouzwa kwenye vichupa vya rangi ya kahawia. Harufu ya mchaichai ni kali, haipotei upesi kwenye kostiki kama ya limau au chungwa, na haimkimbizi mchoraji. Pachuli ni nzito, ina ule uvundevunde wa udongo uliolowa, na inaishika harufu nyepesi isitoroke wakati sabuni inakauka. Kwa kilo moja ya mafuta weka gramu 20 za mchaichai na 10 za pachuli. Mchaichai usiupite kiwango hicho, utawasha ngozi laini. Jua pia kwamba unatia umanjano kidogo, kwa hiyo sehemu ya sabuni unayotaka ibaki nyeupe usiitie mchaichai.

*Ya pili: lavenda, au mkaratusi.* Yote mawili ni matulivu. Anayejifunza mawimbi kwa mara ya kwanza anaweza kuanza na lavenda na asijute. Mkaratusi unapatikana kwa urahisi zaidi na bei yake ni ya chini, ila nyumba nyingi zinaufahamu kama harufu ya dawa ya mafua. Mpelekee shangazi kipande kwanza kabla hujatengeneza vya kuuza.

*Ya tatu: langilangi.* Kwa sisi watu wa pwani hii ndiyo inayokaribia asumini kuliko zote zinazotoka kwenye mmea. Bei yake ni ya juu, na hukaza mchanganyiko kidogo. Ichanganye na lavenda nusu kwa nusu, utaokoa pesa na muda pia.

*Ya nne: manukato ya kiwandani yaliyotengenezwa kwa ajili ya sabuni.* Hapa ndipo utakapopata asumini, waridi na udi kwa bei inayobebeka. Muulize muuzaji mambo matatu kabla hujafungua pochi: je, yanafaa kwa sabuni ya kostiki isiyopikwa? Je, yanakaza? Je, yana vanilini, ile kemikali yenye harufu ya vanila? Yenye vanilini hugeuza sabuni kuwa ya kahawia, na hapo buluu yako na nyeupe yako zimekwisha. Ya maua ndiyo yanayokaza zaidi. Muuzaji asiyejua majibu, nunua kwake kichupa kidogo kabisa na ujaribu kwa gramu 200 za mafuta.

*Ya mwisho: karafuu.* Najua inavyopendwa, na najua Unguja na Pemba si mbali. Lakini mafuta ya karafuu ndiyo adui mkubwa wa mawimbi. Ukiyatia, unasikia mwiko unakuwa mzito mkononi, na baada ya kukoroga mara chache unasimama wenyewe katikati ya jagi. Kilichobaki ni kushindilia kwa kijiko. Yakizidi yanawasha pia. Kama moyo umekataa kuyaacha, yasipite gramu 5 kwa kilo ya mafuta, na utengeneze sabuni ya rangi moja.

Kuna vitu vitatu vya kutonunua kabisa kwa kazi hii, hata muuzaji akusifie vipi. Cha kwanza ni marashi ya kupuliza yenye spiriti: mchanganyiko unaweza kugandana papo hapo. Cha pili ni ateri za kujipaka ambazo huzijui zimechanganywa na nini. Cha tatu ni asumini mbichi. Kina mama wetu wanatunga vikuba vinavyonukia nyumba nzima, na ni jambo la kawaida kutamani harufu ile iingie kwenye sabuni. Haiingii. Ua likikutana na kostiki linakuwa la kahawia, na harufu ya asumini iliyolowekwa kwenye mafuta haivuki salama. Liache ua kwenye kikuba.

Mafuta

*Nazi ni ya kwanza bila mjadala.* Ndiyo inayotoa povu kubwa na ugumu, na Kilifi ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa minazi nchini. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo huku kwetu yanabaki maji karibu mwaka mzima na huhitaji kuwasha jiko. Angalia mambo mawili. Chupa nyingi za mafuta ya nazi ya nywele zimechanganywa na mafuta ya madini, na hayo hayageuki sabuni. Soma kibandiko, na ukiwa na shaka tia kijiko kimoja kwenye friji: nazi safi itaganda ikawa nyeupe na ngumu. Yale ya kienyeji yanayopikwa kutoka kwenye tui ni mazuri, lakini mara nyingi yana maji na chembe za tui chini. Yachuje kwa kitambaa, yaache yatulie, chukua ya juu. Ukipima maji ukidhani ni mafuta, kostiki itazidi.

Usivuke theluthi moja ya nazi kwenye mchanganyiko wa kawaida, hukausha ngozi. Isipokuwa nyumba yenu inatumia kisima cha maji ya chumvi. Hapo sabuni ya nazi tupu ndiyo mkombozi, maana inatoa povu hata kwenye maji ya bahari. Kilo moja ya nazi, gramu 146 za kostiki: moja ya tano ya mafuta inabaki bila kugeuka, na ngozi haikakamai. Inaganda haraka, kwa hiyo usiitegemee kwa mawimbi.

*Mawese ni ya pili.* Yanaipa sabuni mwili isiyeyuke upesi bafuni. Mafuta mengi ya mgando ya kupikia yametokana na mawese, ila nunua yale ambayo kibandiko kinasema hivyo waziwazi na hakuna mafuta mengine yaliyotajwa. Haya yanahitaji kuyeyushwa.

*Alizeti ya tatu, zeituni ya nne*, na zeituni imeshuka kwa sababu ya bei tu. Kwa mawimbi ndiyo bora kabisa, haina haraka. Alizeti nayo ni tulivu na iko kila duka, lakini ikizidi moja ya tano ya mchanganyiko sabuni hutoa madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, na joto letu linaharakisha jambo hilo. Ufuta unalimwa kaunti ya Lamu na unafanya sabuni nzuri, lakini una harufu yake mwenyewe. Heri kuupeleka jikoni.

*Nyonyo* haimo kwenye mashindano. Ni kiungo: gramu 50 kwa kilo, na povu linadumu.

Mchanganyiko ninaopendekeza kwa kuanzia: nazi gramu 300, mawese 450, alizeti 200, nyonyo 50. Kostiki gramu 145, maji gramu 290. Ukiweza kumudu zeituni, toa gramu 150 za mawese uweke zeituni, na kostiki ishuke hadi 144. Ukibadilisha chochote zaidi ya hapo, piga hesabu upya. Kilo ya nazi hula takriban gramu 183 za kostiki, mawese 142, zeituni na alizeti kama 135, nyonyo 128. Jumlisha, kisha punguza asilimia 5 ili sabuni ibaki na mafuta kidogo ya kulainisha ngozi.

Kostiki na mizani

Mizani ya kidijitali inayopima gramu moja moja inunuliwe kabla ya rangi, kabla ya kalibu, kabla ya yote. Kostiki haipimwi kwa kikombe wala kwa jicho.

Kostiki inunuliwe yenye usafi wa asilimia 98 kwenda juu, isiyochanganywa na kitu. Dawa za kuzibua mabomba hazifai, nyingine zina vipande vya alumini ndani. Na magadi ya kupikia maharagwe, hata yawe yametoka Ziwa Magadi lenyewe, hayafanyi kazi hii. Kostiki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ni ya bahari. Chagua kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Ukivuka nayo kwenda Lamu kutoka gati ya Mokowe, iwe kwenye kopo hilo, ndani ya ndoo yenye kifuniko, na nahodha aambiwe ni nini.

Sufuria zetu za kila siku ni za alumini, na kostiki huzila huku ikitoa gesi inayoshika moto. Nunua moja ya stenlesi, au jagi la plastiki lenye namba 5 chini yake. Vaa glavu na miwani. Fanya kazi uani, watoto wakiwa mbali. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe maji yasitiwe kwenye kostiki. Maji hayo hupata moto sana yenyewe, na kwa joto la huku hayapoi upesi: subiri hadi chombo kishikike bila kuunguza. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu.

Rangi

Oksidi za chuma, buluu ya altramarini na mika nyingi za vipodozi hazibadiliki kwenye kostiki, na kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya mchanganyiko kinatosha. Katika vitu vya nyumbani, mzingefuri uliolowekwa kwenye alizeti hutoa manjano nzuri, na unga wa mkaa hutoa kijivu hadi nyeusi. Manjano ya jikoni hufifia juani. Rangi za chakula ziache, hubadilika au huvuja kutoka wimbi moja hadi jingine.

Gawa mchanganyiko ungali mwepesi, mimina rangi kwa zamu ukiinua na kushusha jagi, kisha pitisha kijiti cha mshikaki mara tatu nne tu. Anayezidisha anapata rangi moja ya matope.

Kalibu

Usinunue ya silikoni bado. Nenda kwa fundi wa mbao umwambie akutengenezee kisanduku chenye nafasi ya ndani ya sentimita 25 kwa 9, kina 7, pande zake zifunguke kwa skrubu. Kitandike karatasi ya kuokea. Kilo moja ya mafuta inaingia na nafasi kidogo inabaki juu, na ukikata kila sentimita mbili na nusu unapata vipande 10. Usikifunike blanketi kama wanavyofanya watu wa nchi za baridi, sabuni itapata joto kupita kiasi na kupasuka juu. Kata kesho yake au keshokutwa, panga vipande kwenye rafu penye upepo, visigusane, kwa wiki nne hadi sita. Wakati wa mvua za kusi hesabu sita.