Jiko la Kibuye: bati lile lile, udongo mpya

Jiko langu la makaa nililinunua soko la Kibuye, Kisumu, upande wa mafundi wa jua kali, nikalipakia kwenye boda hadi Manyatta. Ni lile la kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, aina iliyosambaa Kenya tangu miaka ya 1980. Udongo ndio wenye kazi. Unazuia joto lisitorokee pembeni kama kwenye majiko ya chuma kitupu, kwa hiyo gorogoro moja (mkebe wa kupimia) ya makaa inaivisha githeri na ugali wa jioni unapikwa juu yake. Si jambo dogo, maana kwa tanuri la kienyeji la kufukia kuni, kilo 1 ya makaa hula kilo 5 hadi 10 za mti.

Kasoro iko chini, penye matundu ya kudondoshea majivu. Hapo ndipo panapokufa kwanza. Langu lilipata ufa kutoka tundu hadi tundu, kisha kipande kikaanguka na makaa yakawa yanapita kabla ya kuungua. Wengi wakifika hapo hutupa jiko zima. Mimi nililirudisha kwa fundi. Akakwangua udongo mzee kwa patasi, akaweka mwingine, akaziba pembeni kwa simiti, akanikanya nisiwashe mpaka ikauke. Nililipa chini ya nusu ya bei ya jiko jipya.

Ukienda kununua, usidanganywe na rangi ya fedha. Inaungua mapema na kunuka. Gonga bati kwa kidole. Likilia kama mkebe mtupu wa maziwa, liache. Tafuta lililokatwa kwenye pipa kuukuu la mafuta, hilo ndilo litakaloishi kuliko udongo wake.

Usilizime kwa maji, udongo wa moto utapasuka. Mimi nafunika kwa sufuria mbovu, na makaa yanabaki ya kesho. Majivu nayo yasilale ndani msimu wa mvua, yanavuta unyevu na kutoboa bati. Na jamani, msilale nalo chumbani hata kama makaa yanaonekana yametulia. Hewa yake inaua.

Ningenunua tena? Ndiyo, kwa fundi yule yule, ila ningemwagiza mlango mzito zaidi. Huu umelegea na sasa naufunga kwa waya.