Maonyesho ya sarafu Tanga: sijui niwape nyota ngapi

Nianze na kijana wa meza ya karibu na mlango, maana nisipomtoa huyo kwanza sitaandika kitu cha maana.

Juzi juzi hapa kulikuwa na maonyesho ya sarafu kongwe mjini Tanga, kwenye ukumbi mmoja upande wa baharini. Meza chache, joto, feni moja inazunguka kwa hiari yake. Mimi sarafu za Mjerumani ndio ugonjwa wangu, na siku hiyo nilikuwa na shida ya kitu kimoja tu: heller 20 ya Tabora, mwaka 1916, hela ndogo za koloni la Mjerumani. Zile walizozigonga kwenye karakana ya reli, baada ya manowari za Mwingereza kuziba bahari na fedha kutoka Ujerumani kukatika. Shaba yenyewe ya kuokoteza, hadi maganda ya mizinga yaliingia humo. Kwa hiyo hazikutoka nadhifu. Taji limekaa upande, herufi hapa nene pale nyembamba. Asiyejua anaziona mbaya. Sisi ndizo tunazolalia macho.

Basi nikaikuta, meza ya yule kijana. Imetupwa ndani ya kikopo cha plastiki pamoja na senti za Nyerere. Nikatoa lenzi yangu. Kahawia iliyokolea, weusi umelala ndani ya herufi, na kando ya taji kuna doa dogo la kijani. Nikaenda moja kwa moja kwenye neno HELLER, kwenye ile L ya pili: ncha ya mguu wake imepinda. Wanaokusanya washanielewa. Muhuri wa kugongea sarafu kule Tabora haukuwa mmoja, na tofauti zake ndizo hizo, ukubwa wa taji na ncha za L. Nyumbani ninazo za ncha iliyochongoka. Hii iliyopinda nimeisaka mpaka nikaanza kuota L.

"Bi mkubwa, na hiyo lenzi unatafuta chawa?"

Nikacheka. Mwenye shida hanuni. Tukapatana elfu hamsini. Kwenye simu hataki, anataka taslimu. Sawa. Nikamwachia elfu kumi aishikilie, nikatoka kwenda kwa wakala, nikakuta foleni, nikapanga foleni.

Kurudi, namkuta amekaa raha mustarehe, kipande cha fulana mkononi, mezani chupa ya dawa ya kung'arishia shaba, anasugua. Anasugua sarafu yangu! Ulimi kautoa nje kidogo, kama mtoto anayeandika.

"Nimekusafishia bure," anasema, halafu ananitazama akisubiri ahsante.

Nilianza kuitazama ile fulana kabla ya sarafu. Weusi wote wa tangu vita ya kwanza ulikuwa umehamia pale. Sarafu yenyewe njano, inametameta kama kitasa kipya, doa la kijani halipo, na uso mzima una mikwaruzo midogo midogo ya duara, mpaka juu ya taji. Shaba hujivika ngozi yake polepole, miaka na miaka, na ngozi ile ndiyo shahidi kwamba hakuna aliyeichezea. Ukishaivua, yeyote anayejua akiigeuza chini ya taa ataiona, na bei inaporomoka hapo hapo. Hakuna fundi wa kuirudisha.

"Mwanangu, nani kakutuma uisafishe?"

"Kwani wewe unataka chafu?"

"Nataka kama nilivyoiacha."

Akapandisha sauti ili wa meza zote wasikie. "Wanawake na sarafu wapi na wapi! Nenda kwa sonara ukanunue hereni." Nikamwomba elfu kumi yangu. Hela ya kushikilia hairudi, anasema. Tena, sikilizeni hii, akadai niongeze elfu tano kwa sababu sasa ni nzuri zaidi!

Nikaenda kwa waandaaji. Dada aliyekuwa meza ya kujiandikisha alikuwa anakula mihogo ya kukaanga, akanijibu bila kuacha kutafuna kwamba mambo ya meza ni ya mwenye meza. Hapo nikaapa: sifuri. Watu wanaoita wakusanyaji kutoka mikoani, halafu hawana hata mtu mmoja wa kusimamia ugomvi, wasipewe hata nusu nyota.

Lakini siwezi kusema uongo. Kona ya nyuma alikuwepo babu mmoja, sarafu zake ziko ndani ya bahasha ndogo za karatasi, kila moja imeandikwa kwa penseli. Nikanyoosha mkono, akanizuia taratibu: "Mama, ukingoni. Vidole vina mafuta." Nilitamani kumkumbatia. Kwake nikapata senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936, ya tundu, yenye jina la Edward VIII. Mfalme yule aliingia Januari, Desemba mwaka ule ule akaachia kiti ili amuoe mwanamke wake, kwa hiyo Uingereza kwenyewe hazikuwahi kuingia mzunguko za sura yake. Huku kwetu senti za tundu hazikuwa na sura ya mtu, jina tu, ndiyo maana ziliwahi kutoka. Haikuwa ghali, si adimu, zilitengenezwa nyingi. Elfu tatu. Nimeipenda kupita kiasi, naizungusha hapa ninapoandika, na kwa ukingo.

Ile ya dhahabu nayo ilikuwepo, rupia 15 ya Tabora, tembo mbele ya mlima, karakana ile ile na mwaka ule ule. Imefungiwa kwenye kioo, haiuzwi, watu wanapigana vikumbo kupiga nayo picha. Nilichungulia nikapita. Moyo ulikuwa kwenye kitasa.

Kwa hiyo niwape ngapi? Kwa babu, tano. Kwa waandaaji, moja, na hiyo ni kwa sababu mihogo ilinukia vizuri. Kijana yule nilitaka kumwandika vibaya mpaka ukoo wake, ila tangu juzi kuna kitu kinanikereketa. Ngozi kaivua, ni kweli. L hakuivua. Ncha bado imepinda, nilihakikisha kwa lenzi huku tunagombana, na nyingine kama ile sijui nitaipata kwa nani.

Kama kuna anayemfahamu, amwambie asiiuze. Sitoi hamsini, natoa ishirini, na elfu kumi yangu anayo tayari. Ile chupa aiache kwao.